Pindo la Kijani: Namna ya Kumtoa Mwimbaji Kwenye Pazia Akiwa Safi

Video nyingi za nyimbo za injili zinazotengenezwa Kitale, Kiminini, Webuye na Bungoma hurekodiwa ndani ya chumba kidogo, mbele ya kitambaa cha kijani kilichoning'inizwa ukutani. Mtazamaji hutambua bila kuambiwa. Kwaya inaonekana imesimama kando ya maporomoko ya Nabuyole, maji ya mto Nzoia yanashuka meupe nyuma yao, na kila mwimbaji amezungukwa na uzi wa kijani kuanzia sikioni hadi kwenye kiwiko. Joho jeupe la mama wa safu ya mbele lina kijani kwapani. Sauti ni tamu, maneno yameiva, watu wamefanya mazoezi jioni nyingi, lakini jicho linabaki kwenye ule uzi.

Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu uzi huo unaondoka, tena kwa programu za bure na kamera za kawaida. Kinachokosekana mara nyingi ni kujua kwamba kazi ni mbili. Ya kwanza ni kufuta pazia, yaani kuiambia kompyuta ni sehemu zipi za picha ziwe wazi ili mandhari mpya ionekane. Ya pili ni kuondoa kijani kilichobaki juu ya mtu mwenyewe. Wahariri wengi huifanya ile ya kwanza tu, na pindo hilo la kijani likionekana wanazidi kubana umbo la mtu hadi kijani kiishe. Kijani kinaisha kweli, lakini masikio yanaisha nacho, vidole vinakonda, na nywele zilizosukwa kwa saa nne zinakatwa zikawa kofia. Shati jeupe lililoshika rangi ya nguo nyekundu ndani ya beseni halisafishwi kwa makasi.

Tuanze na mahali pindo linapotoka, maana halina chanzo kimoja.

Chanzo kikubwa ni mwanga wenyewe. Taa inapiga kitambaa, kitambaa kinarudisha kijani, na kijani hicho kinatua mabegani, shingoni, chini ya kidevu na kwenye mikunjo ya nguo. Hii si hitilafu ya programu; mtu huyo alikuwa wa kijani kweli wakati kamera ilipomtazama. Chanzo cha pili ni sehemu ambazo ni nusu mtu na nusu pazia: ncha za nywele, mkono unaopunga kwa kasi, ushungi mwepesi. Pikseli moja pale imechanganya rangi mbili, na ukiifanya iwe na uwazi nusu bila kuitoa kijani chake, itakwenda na kijani hicho hadi kwenye mandhari mpya.

Chanzo cha tatu kimejificha ndani ya faili. Simu na kamera nyingi za bei ya chini huhifadhi video kwa mfumo unaoandikwa 4:2:0. Maana yake ni kwamba mwangaza unahifadhiwa kwa kila pikseli, ila rangi inahifadhiwa mara moja tu kwa kila pikseli nne. Macho yetu hayalioni hilo tunapotazama sinema, lakini programu inayokata kwa kufuata rangi inaliona sana, na ndiyo sababu ukingo unatoka na ngazi ngazi. Kuna na cha nne, kidogo ila kinaudhi: kamera inayoongeza ukali wa picha yenyewe huchora mstari mwembamba kuzunguka kila kitu, na mstari huo hufutika vibaya.

Ukishajua hayo, utaona kwamba sehemu kubwa ya dawa iko chumbani, kabla ya kufungua laptopu.

Umbali kwanza. Mtu asimame angalau mita 2 mbele ya pazia, na ukipata 3 ni bora zaidi. Najua vyumba vya studio za mitaani vilivyo. Mara nyingi ukuta hadi ukuta havifiki mita 4. Basi tumia pembe: weka pazia kwenye kona moja na kamera kwenye kona ya mshazari, au toa kamera nje ya mlango na urekodi kupitia mlangoni. Ukumbi wa kanisa siku ya Jumanne huwa mtupu, na mchungaji ambaye kwaya yake ndiyo inayorekodi hatakataa kuwapa ufunguo.

Jambo la pili ambalo halifanywi vya kutosha ni kupunguza kijani chenyewe. Pazia linahitajika nyuma ya mwili tu. Kijani kilichobaki pembeni ya picha hakikusaidii chochote, kwa kuwa sehemu hizo utazikata kwa kuchora uzio kuzunguka mtu. Lakini kinaendelea kumrushia mwimbaji rangi kutoka kila upande. Funika pembe hizo kwa shuka nyeusi au blanketi la rangi ya giza. Kama miguu haionekani kwenye picha, usitandaze kijani sakafuni. Na ukirekodi nje, angalia unamsimamisha mtu juu ya nini. Trans Nzoia wakati wa mvua ni kijani kitupu, nyasi na mahindi, na jua la Kitale, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, huirusha rangi ya nyasi hadi chini ya kidevu. Tandika mkeka au turubai la kijivu.

Kitambaa kisiwe cha kung'aa. Satini na poliesta laini hufanya madoa meupe pale taa inapopiga, na programu haitambui doa jeupe kuwa ni pazia. Pamba iliyopigwa pasi, au ukuta uliopakwa rangi isiyometa, ni bora. Kiwashie taa zake mbili, moja kila upande, mwanga uwe sawa kutoka kona hadi kona. Lakini usikipe mwanga mwingi kupita kiasi! Hapa ndipo wengi wanapojiletea pindo wenyewe. Pazia linapaswa kuwa na mwanga sawa na uso au pungufu kidogo. Ukiwa na kipimo cha mwanga kwenye kamera, liwe kati ya asilimia 40 na 50. Pazia linalowaka kuliko mwimbaji linageuka kuwa taa ya kijani.

Mwimbaji naye apewe taa yake ya mbele, na nyingine ndogo nyeupe nyuma ya bega, juu, nje ya picha. Taa hiyo ya nyuma hufunika kijani kilicho mabegani na kwenye nywele kwa sababu ina nguvu kuliko mng'ao wa kitambaa. Wapo wanaoitia karatasi ya rangi ya zambarau kwa imani kwamba itaua kijani. Mimi siishauri, maana siku pazia likiwa mbali na kijani kikiwa kidogo, utabaki na watu wenye mabega ya waridi.

Ngozi iliyopakwa mafuta humeta, na kinachometa hurudisha rangi ya kilicho karibu. Ngozi yetu nyeusi ikiwa na mafuta mengi huonyesha mstari wa kijani shavuni na kwenye kipaji. Mweleze mwimbaji kwa heshima, "Mama, tukupake poda kidogo upande huu, taa inakupiga," naye ataelewa. Kuhusu mavazi, zungumza na kiongozi wa kwaya mapema. Kitenge chenye maua ya kijani kitatoboka. Sweta la shule la kijani litatoweka lote. Hata bendera ya Kenya ina tatizo, kwa kuwa mkanda wake wa chini ni wa kijani. Wanafunzi wakiishika mbele ya pazia la kijani, kuna hatari mandhari ikapenya kwenye mkanda huo. Siku kama hizo tumia pazia la bluu. Kanuni zote ninazoeleza zinabaki zilezile, unabadilisha rangi tu.

Kwenye kamera, kuna mambo machache ya kufunga usiyaache yajiendeshe. Mizani ya weupe ipange kwa karatasi nyeupe iliyoshikwa mahali mwimbaji atakaposimama, kisha uifunge. Ikiachwa ijipange yenyewe, kamera itaona kijani kila mahali na kuwasukuma watu kwenye rangi ya waridi ili kusawazisha. Kwenye simu, bonyeza uso na ushikilie hadi umakini na mwanga vifungwe. Zima kila kitu kinacholainisha ngozi. Punguza ukali wa picha hadi chini kabisa, utaurudisha kidogo mwishoni ukitaka. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kasi ya shata iwe 1/50 au 1/100 ili taa zisipepese. Kwa kwaya inayocheza chagua 1/100, kwa maana mikono itakuwa na ukungu mdogo na zile pikseli za nusu kwa nusu zitapungua.

Kama kamera au simu yako inarekodi 4K, rekodi kwa 4K hata kama video itatoka kwa ukubwa wa kawaida wa 1920 kwa 1080. Fremu ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, mara mbili kila upande. Ukiipunguza kwanza kisha ukafuta pazia, kila pikseli ya picha ndogo inapata rangi yake kamili, na zile ngazi za ukingoni zinapungua sana. Ni gharama ya nafasi kwenye diski tu, na kwa maoni yangu inalipa kuliko lenzi mpya.

Kabla hamjazima taa, rekodi sekunde chache za pazia tupu, kamera ikiwa palepale. Utalishukuru hilo baadaye, kwa kuwa baadhi ya programu, kama DaVinci Resolve kupitia Delta Keyer, hutumia picha ya pazia tupu kujua kila kona ilikuwa na kijani cha aina gani.

Sasa tuje kwenye laptopu. Chora uzio kuzunguka mtu. Chagua rangi ya pazia karibu na uso, si kwenye kona ya picha, kwa kuwa ukingo wa uso ndio unaotazamwa. Kisha acha kutazama rangi. Kila programu nzuri ina namna ya kuonyesha ramani ya uwazi, picha ya nyeusi na nyeupe ambamo nyeupe ni mtu na nyeusi ni pazia. Fanya mwili uwe mweupe bila matundu, pazia liwe jeusi bila vumbi, na uache kingo za nywele ziwe za kijivu. Hicho kijivu usikiue, ndizo nywele zenyewe. Watu hukaza hadi kila kitu kiwe cheupe au cheusi tupu, na hapo ndipo umbo linapokuwa kama limekatwa kwa wembe. Ukibana umbo, bana pikseli moja, si zaidi, halafu lainisha kidogo.

Ramani ikikaa sawa, bila kujali kijani kinachoonekana bado, ingia kazi ya pili.

Wazo lake ni la zamani. Petro Vlahos, mhandisi wa Marekani aliyetengeneza mbinu ya pazia la bluu iliyotumika kwenye filamu ya Ben-Hur ya 1959, alifanya hivi kwa filamu na maabara: popote bluu ilipozidi kijani, alikishusha kiwango cha bluu hadi kilingane na kijani. Mwaka 1976 alianzisha kampuni ya Ultimatte, ambayo tangu 2016 inamilikiwa na Blackmagic Design, hao hao wanaotoa DaVinci Resolve. Programu zetu za leo zinafanya kazi ileile upande wa kijani. Zinauliza kila pikseli: je, kijani chako kimezidi kiasi? Kikizidi, kinapunguzwa. Tofauti iko kwenye kiasi kinachochukuliwa kuwa kikomo, na tofauti hiyo inafaa kueleweka kwa tarakimu.

Chukua shavu lenye nyekundu 120, kijani 80 na bluu 60. Mng'ao wa pazia umepandisha kijani hadi 115. Programu ikitumia kikomo cha rangi kubwa kati ya nyekundu na bluu, kikomo ni 120, kwa hiyo haigusi kitu na shavu linabaki na ugonjwa wake. Ikitumia wastani wa nyekundu na bluu, kikomo ni 90, kijani kinashuka hadi hapo, na shavu linapona. Kwa ngozi ya kahawia, wastani ndio dawa. Sasa chukua joho la njano: nyekundu 220, kijani 190, bluu 50. Wastani ni 135. Kijani kinaanguka kutoka 190 hadi 135, na kwaya iliyoshona majoho ya rangi ya dhahabu inatoka imevaa rangi ya kutu. Hakuna kilichoharibika kwenye programu. Njano ni nyekundu na kijani vikiwa pamoja, na umekiondoa kimoja.

Ndiyo maana usiipake dawa hiyo mwili mzima kwa nguvu moja. Nakili tabaka la mwimbaji liwe mara mbili. La chini lifanyie dawa kali ya wastani. La juu liache na dawa ndogo au bila dawa, ila libane kwa pikseli nyingi na ulilainishe, libaki na kiini cha mwili tu. Hapo kiini kinabaki na njano yake, na pindo peke yake linapata dawa kali. Ni dakika chache za kazi zaidi, na kwa kwaya zinazopenda vitenge vyenye njano sioni njia nyingine ya haki.

Dawa ina athari moja. Katika video ya kiwango cha HD, kijani hubeba takriban asilimia 71 ya mwangaza wa picha. Ukikitoa, ukingo unaingia giza, na mtu anaonekana amechorwa kwa penseli. Rudisha mwangaza mahali ulipotoa rangi. Kwenye Premiere, Ultra Key ina sehemu ya Spill Suppression, na humo kuna kitelezi cha Spill cha kuondoa rangi na kingine cha Luma cha kurudisha mwangaza. Kwenye After Effects, Keylight hufuta pazia na Advanced Spill Suppressor hushughulikia rangi. Kwenye DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linatosha kwa kazi hii yote, 3D Keyer ina kitufe cha Despill. Anza kidogo kidogo. Ukingo ukianza kuwa wa waridi, umepitiliza.

Anayehariri kwa simu, kwa CapCut kwa mfano, afute pazia kwa upole kisha aingie kwenye marekebisho ya rangi yanayoitwa HSL, achague kijani peke yake, apunguze ukolezi wake kwenye tabaka la mtu. Si sahihi kama dawa ya kweli, lakini kijani kinageuka kijivu, na kijivu kinajificha. Na kanisa linalorusha ibada moja kwa moja kwa OBS lina kichujio cha Chroma Key chenye kitelezi cha kupunguza rangi iliyomwagika. Kipandishe hicho kabla ya kupandisha kile cha Similarity, ambacho wengi hukivuta kwanza na kuwatoboa watu.

Popote unapofanyia, dawa iwekwe kwenye tabaka la mtu, kabla hajaunganishwa na mandhari. Ukiiweka juu ya picha iliyokwisha kuungana, itanyonya kijani cha msitu wa Mlima Elgon pia, na mlima utakauka.

Nyuzi za litungu zinahitaji neno lake, kwa sababu kwa Wabukusu wa Bungoma ala hiyo si pambo la video. Nyuzi hizo ni nyembamba, zinatikisika, na kwa video ya 4:2:0 zinapotea au zinageuka kijani zote. Programu haiwezi kurudisha kilichokosa kurekodiwa. Sogeza kamera, uzi ujaze pikseli kadhaa. Mgeuze mpigaji ili nyuma ya nyuzi, kadiri inavyowezekana, kuwe na kifua chake na si pazia. Ikishindikana, mrekodi nje kabisa bila pazia, chini ya mti, na uchanganye picha hizo na za kwaya. Kusema kweli, kwa watu wanaoishi kati ya Elgon na Nabuyole, hiyo ya kwenda mahali penyewe na kamera ingepaswa kufikiriwa mara nyingi zaidi.

Ukimaliza, usihukumu kazi juu ya mandhari uliyoichagua. Weka chini ya mtu rangi moja ya kijivu, kisha nyekundu, kisha nyeupe, na upitishe wimbo wote. Nyekundu itakuonyesha kila pikseli ya kijani iliyobaki; nyeupe itakuonyesha giza la ukingoni. Baada ya hapo ndipo urudishe maporomoko, na ulinganishe: kama maji nyuma yanang'aa, ukingo wa mwimbaji uangaziwe kidogo na weupe wa maji, kama ambavyo mwanga ungefanya kama angekuwa pale kweli.

Ipo pia video iliyokwisha kurekodiwa vibaya, mtu ameegemea pazia, taa moja, simu ya zamani. Fanya dawa kwa kadiri inavyokubali, kisha badilisha mandhari. Maji meupe na anga huonyesha kila kosa. Miti, kivuli cha jioni au ukuta wa matofali huficha mengi. Punguza ukubwa wa mtu ndani ya fremu. Kama ubeti mmoja bado unakataa, waite waimbaji wawili warudie ubeti huo tu, wakiwa mita 3 kutoka pazia. Sauti tayari unayo, watafuatisha midomo na sauti ya spika, na nusu saa itatosha.